Dramu za baridi: kisa cha lori la shaba Mlima Kitonga

Simu iliingia saa nne na robo asubuhi, na maneno yalikuwa yaleyale ya siku zote: "Fundi, gari limefeli breki Kitonga." Kitonga ni ule mteremko mkali wa barabara mkoani Iringa. Nikauliza kwanza habari za watu. Dereva mzima, utingo mzima, hakuna gari jingine lililoguswa. Kichwa kimejichimbia kwenye ukingo wa udongo, tela limeegemea mtaro, mzigo haujamwagika. Nikamshukuru Mungu, nikachukua begi la vipimo, tukaondoka Dar es Salaam na pikapu ya karakana kabla ya adhuhuri.

Kisa hiki nakiandika kwa urefu kwa sababu ni kimoja kati ya vichache ambavyo gari lilibaki katika hali ya kupimika. Ajali nyingi za mteremkoni huacha chuma kilichopondeka na kuungua, na dereva hayupo tena wa kusimulia. Hapa dereva alikuwepo, utingo alikuwepo, na breki zote 12 zilikuwa mahali pake. Kampuni siitaji na watu siwataji. Nataka tuangalie chuma, na maamuzi ya watu yaliyokifikisha chuma hicho pale kilipofika.

Gari lenyewe lilikuwa kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu. Lilipakia shaba Kolwezi, Kongo, likapita Kasumbalesa, kisha Kapiri Mposhi, Mpika na Nakonde za Zambia, likavuka mpaka Tunduma na sasa lilikuwa linaelekea bandarini Dar. Asiyewahi kuuona mzigo wa shaba anaweza kudhani tela ni tupu. Bapa hufungwa mafungu mafungu, kila fungu tani mbili na ushei, nayo hukaa chini kabisa kwenye bodi, turubai limelala juu yake kama shuka kitandani. Wenye magari madogo wanaliona lori jepesi, wanalichomekea bila wasiwasi. Dereva naye akitazama kioo cha pembeni haoni kontena refu la kumkumbusha kilichoko nyuma yake.

Siku hiyohiyo maneno yalishaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwamba jamaa alizidisha uzito. Hakuzidisha. Risiti ya mizani ya Makambako ilikuwa juu ya dashibodi: tani 49 na kidogo. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, gari la mpangilio huo linaruhusiwa tani 50, yaani nane ekseli ya mbele, 18 ekseli mbili za nyuma za kichwa, na 24 za tela. Naitaja risiti kwa sababu ukishasema "uzito" unakuwa umefunga mjadala na hutafuti tena. Gari lilikuwa halali kwenye mizani.

Dereva nilimkuta usiku, amekaa juu ya jiwe kando ya moto mdogo uliowashwa na utingo. Ni mtu mzima, amepita Kitonga mara nyingi kuliko siku nilizoishi kwenye kazi hii. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Tulikaa kimya muda mrefu kabla hajaanza kueleza, na sikumharakisha. Kesho yake ofisi ingemwuliza maswali kwa sauti nyingine kabisa.

Alilala Makambako. Asubuhi akapita Iringa, akanywa chai Ilula, na saa nne kasorobo akawa juu ya mlima. Hakusimama. Aliingia mteremko na gia ya saba kati ya kumi, akawasha egzosti breki, ile inayoziba moshi wa injini ili injini ilizuie gari, mwendo kama kilomita 35 kwa saa. Egzosti ilikuwa dhaifu, anajua, kwa hiyo akawa anaisaidia kwa mguu, kidogokidogo, bila kuachia. Baada ya kona chache utingo akasema, "Mzee, kuna harufu." Akatazama kioo, akaona moshi wa bluu unatoka kwenye matairi ya nyuma ya kichwa. Akakanyaga zaidi. Gari likapunguza kidogo, halafu likaanza kuongeza mwendo lenyewe.

"Nikatazama geji," aliniambia. "Upepo uko baa nane, fundi. Baa nane! Kanyagio gumu kama siku zote. Nakanyaga mpaka mwisho, gari linakwenda."

Aliirudia mara tatu ile baa nane. Ndiyo iliyomchanganya, na nadhani imewachanganya madereva wengi ambao hatukupata nafasi ya kuwasikia. Tumefundishwa kwamba breki za upepo zikifa, upepo umekwisha. Taa nyekundu itawaka, king'ora kitalia, sindano itashuka, hendibreki itajifunga yenyewe. Ni kweli kwa aina moja ya hitilafu, ile ya kuvuja. Hii ilikuwa aina nyingine. Geji inakuonyesha upepo uliomo kwenye matangi tu. Kama upepo huo ukifika kwenye tairi unafanya kazi yoyote, geji haijui.

Alipeleka mkono kwenye gia. Alitaka kushuka mpaka ya tano. Halafu akautoa mkono. "Nikajiambia, nikiitoa hii sitaipata nyingine." Uamuzi huo uliwaokoa wote wawili. Kwa mwendo ule injini isingekubali gia ya chini, na ya juu isingemsaidia kitu. Angebaki hana gia kabisa, tani 49 zikiwa huru mlimani. Akavuta hendibreki, akasema ilikuwa kama kamba iliyokatika. Sindano ya mwendo ilikuwa imepita 60. Akawasha taa zote, akabonyeza honi akaiacha inalia, na alipofika mahali barabara imekatwa kwenye mlima na kuna ukingo wa udongo, akalisogeza gari taratibu likaanza kujisugua. Kwanza kioo kilikwenda, kikafuata kifuniko cha tairi, ngazi, tangi la mafuta likabonyea. Udongo ukalishika.

Marekani kwenye miteremko mikali hujenga njia za dharura za changarawe nzito ili gari lililokosa breki lizame humo na kusimama. Tarehe 25 Aprili 2019, huko Lakewood, Colorado, lori lililokuwa linateremka kutoka milimani kwenye barabara ya I-70 lilipita njia kama hiyo bila kuingia, likayavaa magari yaliyokuwa kwenye foleni, na watu wanne wakafa. Dereva alihukumiwa miaka 110, na Desemba 2021 gavana Jared Polis akaipunguza iwe 10. Sikilinganishi kisa chetu na hicho kwa lolote zaidi ya hili: dereva anayekubali kuliharibu gari mapema, likiwa bado kwenye mwendo wa kuokoka, anafanya jambo gumu sana. Wengi wanaendelea kutumaini kona inayofuata. Yule mzee hakuingoja.

Asubuhi, vyuma vikiwa vimepoa, nikaanza kazi. Vijana wa karakana waliokuja nami walikwenda moja kwa moja kwenye dramu zilizoungua, yaani ngoma za chuma zinazozunguka na tairi na kubanwa na breki. Ndivyo macho yanavyokwenda. Ekseli za nyuma za kichwa, dramu tatu kati ya nne zilikuwa zimegeuka rangi ya bluu, zina nyufa nyembamba kama za udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Kwenye tela kulikuwa na dramu moja ya namna hiyo, ekseli ya katikati, kushoto. "Hizi ndizo zilizofeli," kijana mmoja akasema, akaanza kupiga picha.

Nikamwambia apige picha, halafu aje tuziangalie zile nyingine. Dramu inageuka bluu kwa sababu imefanya kazi. Lainingi, vile vipande vya kusugua vilivyomo ndani yake, zimeibana, imegeuza mwendo kuwa joto, na joto limeizidi. Zile dramu nne zilijitahidi mpaka zikashindwa. Swali langu lilikuwa juu ya dramu tano za tela na ile moja ya kichwa zilizokuwa na kutu yake ya kahawia kama zilivyotoka Dar, hazina hata dalili ya joto. Gari la tani 49 limeshuka Kitonga likikanyagiwa breki njia nzima, na nusu ya dramu zake zimebaki baridi. Hizo ndizo nilizotaka kuziuliza.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Kila breki ya aina hii ina busta, kopo la chuma linalopokea upepo, na kwenye busta inatoka fimbo inayosukuma ajasta, mkono wa chuma wa kurekebisha breki. Ajasta inazungusha shafti yenye kichwa cha umbo la S, na kichwa hicho kinatanua shuu mbili, vyuma vinavyobeba lainingi, mpaka lainingi ziiguse dramu. Fimbo ikitembea kidogo, breki inabana kwa nguvu. Ikitembea sana, inafika mwisho wa busta kabla lainingi hazijabana sawasawa. Kwa hiyo unachora alama ya chaki kwenye fimbo pale inapotokea, mtu anakanyaga breki na kushikilia, unapima alama imehama milimita ngapi. Tela tulikuwa tumeshalinyanyua, matairi tumeyawekea vizuizi, tukaunganisha upepo upya. Utingo akapanda kwenye kiti cha dereva.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, mkuu!"

"Shikilia hapo."

Nikilala chini ya gari na rula mdomoni nilikuwa nasikia upepo unavyokimbia kwenye mipira, halafu kimya, halafu fimbo inatoka. Kwa busta za namba 30 za kawaida, zilizokuwa kwenye ekseli tano za nyuma, fimbo inaweza kutembea jumla ya milimita 64, na kikomo cha usalama ni 51. Zile mbili za mbele, ambazo ni ndogo zaidi, zilikuwa 36 na 38: nzuri. Ekseli za nyuma za kichwa nikapata 46, 48 na 49, na ya nne, ile isiyoungua, 58. Tela ekseli ya katikati kushoto 47, kulia 63. Ekseli ya mwisho kulia 60. Kushoto 49, lakini nilipochungulia ndani lainingi zilikuwa zinang'aa kwa mafuta, sili ya habu, mpira unaozuia mafuta ya katikati ya tairi yasitoke, imekufa siku nyingi. Lainingi yenye mafuta inateleza juu ya dramu kama sabuni.

Ekseli ya kwanza ya tela fimbo hazikutoka kabisa. Nikamwambia utingo akanyage tena. Hakuna. Nikaufuata mpira wa upepo kwa mkono, gizani chini ya bodi, mpaka kidole kikagusa boliti. Mtu alikuwa ameukata mpira, akachomeka boliti, akafunga kwa waya. Upande wa pili vilevile.

Sasa hesabu. Mbele mbili, kichwa tatu, tela moja. Breki sita kati ya 12. Na mgawanyo wake ni mbaya kuliko idadi: tela lililobeba karibu nusu ya uzito wote lilikuwa linasimamishwa na tairi za kona moja tu.

Watu huniuliza, gari la namna hiyo lilitembeaje kutoka Zambia mpaka Iringa bila tatizo? Kwa sababu kwenye tambarare breki sita zinatosha. Unakanyaga mara moja, gari linasimama, dramu inapoa kwa kilomita kumi, unakanyaga tena. Mlima haukupi nafasi ya kupoa. Kila mita 100 za kimo linazoshuka, lori la tani 50 linaachia nishati ya kutosha kuzichemsha zaidi ya lita 140 za maji yaliyokuwa na joto la nyuzi 20. Nishati hiyo haina pa kwenda isipokuwa kwenye injini, kwenye hewa, au kwenye dramu. Igawe kwa dramu 12, kila moja inapata mzigo inaoweza kuubeba. Igawe kwa sita, mbili kati yake zikiwa ndogo za mbele, na umezipika.

Na dramu ikipikwa, inapanuka. Dramu ya kipenyo cha sentimita 41 ikiongezeka joto la nyuzi 300 inapanuka zaidi ya milimita moja. Inaonekana si kitu, lakini inapanuka kuzikimbia lainingi, na ajasta inaikuza milimita hiyo mara nyingi kwenye fimbo. Ile breki ya 48 asubuhi ikiwa baridi, katikati ya mteremko huwa imeshavuka kikomo. Lainingi nazo zikizidiwa joto zinapoteza mshiko wake. Hapo ndipo dereva anakanyaga mpaka mwisho, kanyagio gumu, geji baa nane, na gari linakwenda. Hendibreki haikumsaidia kwa sababu hiyohiyo: zile springi zinasukuma fimbo zilezile, zinabana dramu zilezile zilizoungua. Watu wengi wanaihesabu hendibreki kama breki ya akiba. Ni mkono wa pili unaovuta kamba ileile.

Tuje kwenye egzosti. Kibati kinachofunga moshi kilikuwa kimekwama nusu kwa masizi. Dereva aliliandika jambo hilo kwenye daftari la gari wiki kadhaa nyuma, Dar, kwa mwandiko wake: "egzosti breki haivuti." Chini yake kuna saini ya karakana na alama ya vema. Hakuna kilichofanyika. Nimeushika ukurasa huo mkononi, na hadi leo ukinijia nakosa raha, kwa sababu karakana iliyotia saini ni ile ninayofanyia kazi.

Gia nayo ina somo lake. Madereva wa zamani walikuwa na kanuni: gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Ni kanuni nzuri kwa malori ya zamani. Malori ya sasa yana injini zenye nguvu na miili inayokata upepo vizuri, kwa hiyo yanapanda mlima kwa gia kubwa, lakini mvutano wa kuyazuia yakishuka umepungua. Kwa lori la leo lenye mzigo kamili gia ya kushukia inatakiwa kuwa ndogo kuliko ile ya kupandia, na iingizwe juu, kabla ya mteremko, gari likiwa kwenye mwendo mdogo. Kwa mzee wetu gia ya saba ilikuwa kubwa mno. Aliingia nayo kwa mazoea ya gari lenye egzosti nzima na tela linaloshika. Vilevile ule mguu wa kidogokidogo bila kuachia ulizinyima dramu nafasi ya kupumua. Ukishapata gia sahihi na mwendo wako salama, ngoja gari lifike kwenye mwendo huo, kanyaga kwa nguvu ya kutosha uushushe kwa kilomita nane hivi, kama sekunde tatu, achia kabisa. Likipanda tena mpaka pale, rudia. Dramu zinapata kazi na mapumziko.

Nayasema makosa ya dereva waziwazi kwa sababu yapo, na kwa sababu sitaki mtu aseme namtetea. Lakini ofisi ilipotaka kuandika "uzembe wa dereva" na kufunga faili, nilikataa kutia saini. Ile boliti kwenye mpira ilitoka wapi? Mpira wa busta ulipasuka karibu na Mpika, gari limepakia. Dereva alipiga simu ofisini, akaeleza. Akaambiwa atafute fundi wa kuzuia upepo usivuje, aje nalo hivyohivyo, meli inangoja. Fundi wa njiani akafunga upande mmoja, gari likawa linavuta pembeni kila likikanyagiwa, akafunga na wa pili ili linyooke. Kwa fundi kazi ilikuwa imekwisha: halivuji, halivuti. Ekseli nzima ikawa mapambo. Dereva akaniambia kwenye vilima vya Mbeya alilisikia tela linamsukuma mgongoni. Angeweza kusimama Mbeya. Lakini alishakaa siku kadhaa kwenye foleni ya Tunduma, posho ya safari imekwisha, na anajua anayesimamisha gari la tajiri bila ajali huulizwa maswali makali kuliko anayefika nalo limechoka.

Kisha kuna zile fimbo za 58, 60 na 63. Hizi zilinisumbua zaidi ya boliti. Ajasta za gari lile ni za kujikaza zenyewe. Kadiri lainingi zinavyolika, zinajisogeza. Zikizidi 51 maana yake kuna kitu kimekufa: ajasta yenyewe, bushi za shafti, au springi ya shuu. Nilipouliza karakana, wakanijibu kwa kujiamini kwamba breki za gari lile zilikazwa kwa spana kila safari. Na ni kweli, zilikazwa. Kila zikilegea zinakazwa, zinapima vizuri siku moja, gari linaondoka, baada ya kilomita mia kadhaa zimerudi zilikokuwa. Kukaza kwa spana ajasta ya kujikaza ni kumpa mgonjwa dawa ya kutuliza homa bila kutafuta malaria. Bodi ya usalama wa usafirishaji ya Marekani, NTSB, ililisema hilo baada ya kuchunguza ajali ya lori lililokosa breki mteremkoni Glen Rock, Pennsylvania, mwaka 2003: mafundi walikuwa wakizikaza kwa mkono bila kutafuta kwa nini zinalegea. Nilipoifungua moja ya zetu ilikuwa kavu kabisa, grisi ilishageuka unga mwekundu. Grisi. Kitu cha bei ya chakula cha mchana.

Yaliyobadilika baadaye nayaeleza kwa kifupi. Boliti kwenye mpira wa breki imekuwa marufuku kwa gari lililopakia, na mwenye kuitoa ruhusa ya kinyume lazima aandike jina lake, si kupiga simu. Fimbo zinapimwa kwa chaki kabla ya kila safari ya nje na namba 12 zinaandikwa kwenye daftari, kwa milimita, si kwa alama ya vema. Inayozidi haikazwi mpaka ifunguliwe ijulikane imekuwaje. Dereva ana haki ya kuliacha gari lake mahali salama likiwa na breki pungufu na posho yake ikaendelea kuhesabiwa. Hili la mwisho lilichukua miezi kukubaliwa na tulilipigania kwa sauti. Mzee alibaki kazini. Siku hizi anawafundisha vijana wapya kushuka.

Juu ya mlima, kabla ya Kitonga, magari yetu yote sasa yanasimama penye tambarare. Dereva anajaribu egzosti, anachagua gia akiwa ametulia, utingo anazunguka. Na wakinusa harufu njiani wanatafuta pa kusimama mapema, wanaweka vizuizi kwenye matairi, hawafungi hendibreki juu ya dramu za moto na hawamwagii maji, kwa sababu chuma cha moto kikimwagiwa maji kinapasuka.

Ila kipimo ninachokipenda kuliko vyote kinafanyika chini, Ruaha Mbuyuni, pale wanapouza vitunguu. Gari likisimama, utingo anashuka kabla hajanunua chochote. Anapita tairi kwa tairi, anasogeza mgongo wa mkono karibu na kila habu bila kuigusa, anasikiliza joto. Tumewafundisha wasihangaike na habu yenye joto. Baada ya mlima ule kila habu inapaswa kuwa na joto. Juzi kijana mmoja alinipigia kutoka pale, shehena yake ni shaba, sauti imejaa wasiwasi kana kwamba ameua mtu.

"Mkuu, tela ekseli ya tatu kulia, nimeweka mkono mara mbili. Ni ya baridi."

Nikamwambia wasiondoke. Fundi alitoka Mikumi na ajasta mpya saa nane mchana, na gari likaingia Dar siku ya pili yake.